Kahamia Usa River, Insta Bado Anaishi Sinza

Kuna dada mmoja kaumbuka mtandaoni wiki kadhaa zilizopita, na wengi wenu mlikuwepo mnacheka. Jina liachwe. Ni mrembo, kamaliza chuo Dar mwaka juzi, ana wafuasi wa kutosha kumfanya ajione mtu, na kila Ijumaa alikuwa anaposti picha za Coco Beach, za Mlimani City, za chipsi mayai za Sinza usiku, lokesheni Dar es Salaam. Siku hiyo akaweka video yuko chumbani anajipodoa na kuongea habari za losheni. Dirisha liko wazi nyuma yake. Ghafla ikaingia sauti ya konda: "Tengeru, Sanawari, Kilombero! Mjini hiyo, twende!" Konda aliita mara moja tu. Akafuatia jogoo.

Machalii wa Chuga waliijua hiyo sauti hapohapo. Mmoja akaandika "dada uko Usa wewe", wa pili akataja mpaka duka lililo karibu, na kufika jioni ukweli wote ulikuwa hadharani. Dada ana miezi saba Usa River. Yuko ofisi ya kampuni moja ya maua, anashughulika na mafaili ya vibarua na mahudhurio yao. Zile picha za Coco ni za mwaka wa tatu chuoni, alikuwa anazitoa moja moja kama mtu anayebania akiba.

Watu wakacheka wiki nzima. Shida ni kwamba walichekea kitu kisichochekesha. Walicheka kwamba yuko Usa. Kuwa Usa kuna ubaya gani? Binti ana digrii, kapata kazi, kapanda basi, kaenda kuifanya. Wangapi kati ya waliocheka wana barua ya ajira hata ya miezi mitatu? Kilichopaswa kumtia mtu simanzi ni hiyo miezi saba ya kujificha, kwa sababu kujificha ndiko kunakomgharimu. Usa haijamfanyia kitu.

Watu wasijifanye kumshangaa pia. Sababu za kujificha zinajulikana. Mtoto anapoenda chuo Dar, ukoo mzima unaenda naye. Baba mdogo katoa nauli, shangazi katoa ndoo na godoro, mama kauza kitu ambacho hajakisema mpaka leo. Chuoni boom linaingia, watu wanavaa, wanapiga picha, na kule nyumbani picha zinazungushwa kwenye grupu la familia. Siku ya majoho anaitwa "msomi wetu wa Dar". Hakuna aliyemwandaa kwamba siku ya kwanza ya kazi anaweza kupandia basi Stendi ya Magufuli pale Mbezi saa kumi na mbili asubuhi, akakaa kwenye kiti siku nzima, Chalinze, Segera, Korogwe, Same, Moshi, halafu konda akamshusha Usa kabla hata hajaziona taa za Arusha mjini. Hata Arusha yenyewe hajafika! Hapo ndipo wengi moyo unapowadondoka. Akilini mtu alishakubaliana na Jiji la Arusha, alishaona Mnara wa Saa na Njiro, kumbe kituo chake kipo kilomita ishirini na ushee kabla ya mjini, pembeni ya barabara ya Moshi, na mabegi mawili na bodaboda sita zinamgombania.

Hesabu nayo haimsaidii kujisikia mkubwa. Chukua mshahara wa laki sita. Kama alisoma kwa mkopo, asilimia 15 ya bodi inakatwa hata kabla hajaigusa, yaani elfu tisini imeondoka. Bado kodi, bado mfuko wa hifadhi ya jamii. Kwa kinachobaki, ukimrudisha Dar akapange chumba cha kulipia miezi sita kwa mkupuo na kupanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi, hali yake hatuhitaji kuijadili. Usa kwa pesa hiyohiyo anakula ndizi, anakunywa maziwa, anatembea kwa mguu kwenda kazini, na mwisho wa mwezi kuna kitu kinabaki. Hilo analijua vizuri, tena kuliko wanaomcheka. Anachoshindwa ni kulisema.

Halafu Usa si porini kama mnavyoiongelea. Ni makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Meru. Ukirudi nyuma kidogo kuelekea mjini kuna Tengeru, na Tengeru kuna Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, ambako watu wanatoka nchi nyingine za Afrika kuja kusoma uzamili na uzamivu. Kuna chuo cha maendeleo ya jamii, kuna kituo cha utafiti wa mbogamboga na matunda, kuna Ziwa Duluti ambalo watu wa Dar wakija na kamera wanalilipia ili wapige picha. Barabara ya njia nne kutoka Sakina inafika hapo. Asubuhi anga likiwa safi, mtu wa Usa anauona Meru upande mmoja, mita 4,566, wa pili kwa urefu Tanzania, na Kilimanjaro upande mwingine, hata chai hajamaliza. Hiyo picha angeiweka mtu wa Masaki aliyekuja kutalii, mngejaza mioyo. Akiiweka anayeishi hapo ni aibu. Sasa hapo aibu imetoka wapi?

Kwa wapenzi wa muvi, barabara inayoanzia hapohapo Usa kwenda Momella ina historia yake. Miaka ya mwanzo ya sitini Hollywood walikuja maeneo haya kupiga Hatari!, ile muvi ya John Wayne iliyotoka mwaka 1962 ya kukimbiza vifaru na twiga kwa gari. Mmoja wa waigizaji wake, Mjerumani Hardy Krüger, alipapenda mpaka akanunua shamba Momella. Yaani staa wa muvi aliona chini ya Meru panafaa kuweka hela yake, na mhitimu wa biashara kutoka Sinza anaona panatia doa prufaili.

Turudi kwenye gharama ya kujificha, maana wengi wanadhani ni mambo ya mtandaoni tu.

Mji mdogo unaishi kwa kujuana. Dar unaweza kukaa miaka minne kwenye nyumba moja na jirani asijue jina lako, na ukapata kazi kupitia mtu uliyekutana naye mara mbili. Usa, Ngaramtoni, Kikatiti, Tengeru, haiko hivyo. Pale mambo yote yanapitia swali moja: "Huyo ni wa kwa nani?" Fundi wa kukuamini akutengenezee leo umlipe mwisho wa mwezi, mama wa maziwa wa kukuwekea lita yako, mwenye nyumba wa kukuvumilia mshahara ukichelewa, mzee wa kukwambia kuna nafasi halmashauri imetangazwa, wote hao wanataka kujua wewe ni nani na utakuwepo mwezi ujao. Asiyejulikana analipa kila kitu taslimu, na kwa bei ya mgeni.

Kuna kaka mmoja mhasibu, naye jina liachwe, ambaye kampuni yake ilimpeleka Ngaramtoni. Ana mwaka na nusu sasa. Siku ya kwanza aliwaambia majirani "niko hapa kwa muda tu", na akaishi hivyohivyo. Ijumaa saa kumi yuko kwenye kifodi anaelekea mjini, anarudi Jumapili usiku. Chumbani ana godoro chini na begi halijafunguliwa lote. Salamu anatoa kwa kidole gumba. Akialikwa ubatizo, hayupo. Msiba wa jirani, alituma elfu tano kwa simu. Akina mama wa kikundi cha vikoba pale nyuma ya nyumba yake walikuwa wanatafuta mtu wa kuwawekea hesabu vizuri, kazi ya saa mbili kila Jumamosi na posho yake si haba, na baadaye wangemwunganisha na vikundi vingine. Walimpa kijana wa kidato cha nne. Walipoulizwa mbona mhasibu yupo hapohapo na digrii yake, mama mmoja akasema yule si mtu wa hapa, yule ni abiria. Hakukuwa na chuki katika kauli hiyo. Alikuwa anaeleza tu alichokiona kila Ijumaa.

Abiria. Jamaa ana mwaka na nusu anaishi hapo na jina lake ni abiria. Na Dar hayupo pia, maana wale washikaji wa chuo wameshahama grupu na kuanzisha lingine. Huyo ndiye anayepoteza huku na huku, na siku akifukuzwa kazi ataondoka Ngaramtoni bila hata mtu wa kumbebea begi mpaka barabarani.

Mwingine ni mwalimu. Huyu hakuchagua, aliomba ajira za serikali na jina likatoka na shule ya upande wa Ngarenanyuki, nyuma ya mlima kule, kunakolimwa nyanya na vitunguu kwa maji ya mfereji na vumbi haliulizi umesoma wapi. Wiki ya kwanza alilia, na yeye mwenyewe anasimulia wazi. Maji ya kule yana madini ya floridi mengi, yanabadilisha meno ya watoto rangi, na akiwa mgeni mwenye hasira akataka kurekodi kavideo ka kuchekesha kuhusu meno ya wanafunzi wake. Alisharekodi kabisa. Kilichomzuia ni bando kuisha. Jioni hiyo binti mmoja wa kidato cha pili akaja na kidumu cha maji ya mvua, kasema mama katuma, "mwalimu asije akaharibika meno kama sisi". Akaifuta ile video. Angeiposti, ingerudi Ngarenanyuki kabla ya kengele ya asubuhi, maana siku hizi kila bodaboda ana simu, na hapo asingefundisha tena mtu akamsikiliza.

Mwalimu huyo asipambwe kuliko alivyo. Hajatajirika. Mchumba wa Dar alimwacha mwezi wa tano kwa meseji. Fomu ya uhamisho ameshajaza na anaisubiri kama wengine. Ila alifanya kitu kimoja ambacho yule wa Usa na yule wa Ngaramtoni hawakufanya: alibadilisha lokesheni. Aliandika Ngarenanyuki, akaweka picha ya nyanya, akasema hapa ndipo nilipo kwa sasa. Waliocheka walicheka siku mbili wakachoka. Waliobaki wakaanza kumuuliza bei ya tenga, na sasa kuna dada wa Mwenge ananunua kupitia kwake. Hela yenyewe ni ya vocha na sabuni, haizidi hapo, lakini ni hela ambayo mtu aliyejificha asingeiona, kwa sababu nani atamuuliza bei ya nyanya mtu anayedai yuko Sinza?

Hapa lazima kusemwe kitu, maana wapo watakaodaka mada hii na kuanza zile nyimbo zao za vijana rudini vijijini mkalime. Hao nao wanachosha. Utamkuta jamaa yuko ofisini na kiyoyozi, anawatumia wahitimu hesabu za matikiti, eka moja miche kadhaa, kila mche matunda mawili, zidisha, milioni hizi hapa. Kilimo cha WhatsApp hakijui mvua wala mdudu. Na kwa miteremko ya Meru hakijui jambo kubwa zaidi, kwamba ardhi hakuna. Kihamba cha babu kimegawanywa kwa baba na baba wadogo, baba kakigawa tena kwa watoto, na kila aliyepata ana mistari michache ya migomba na kahawa. Mgeni na digrii yake atalima wapi? Ardhi ni kidonda cha zamani huku. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwatoa Wameru kwa nguvu Engare Nanyuki ili eneo wapewe masetla. Mwaka uliofuata wakamtuma Kirilo Japhet mpaka New York, Umoja wa Mataifa, akasimama mbele ya wakubwa wa dunia kueleza yaliyowapata. Kijana wa mlimani kafika New York akalitaja jina la kwao wazi, halafu kizazi cha Insta kinashindwa kuandika "Usa River" chini ya selfi.

Kwa hiyo hakuna anayesema mji mdogo ni pepo. Una adha zake, na kwa mabinti zinazidi. Mwenye nyumba anahesabu wageni wako. Ukinunua bia mbili Jumamosi, Jumatatu ofisini wanajua ilikuwa bia gani. Ukifika miaka 25 kila mama anayekuuzia mchicha anauliza utaolewa lini, na ana mpwa wake. Jua likizama Juni na Julai, baridi ya Meru inashuka na hakuna pa kwenda, kuna wewe na blanketi na simu. Upweke huo ni wa kweli, na ndio unaowafanya wengi wazidi kung'ang'ania picha za zamani. Mtu anafungua galari usiku, anajiona alivyokuwa anacheka Coco na wenzake, anaiposti. Wakati mwingine hadanganyi mtu, anajiliwaza. Huyu kumzomea ni ukatili.

Na sisi wa mtandaoni tumechangia. Bongo tumejizoesha kwamba kutoka kimaisha ni kwenda Dar, na msanii wa mkoani hajatoka mpaka ahamie Dar. Lakini X Plastaz walikuwa wa Arusha, wakarapu Kiswahili na Kimaa, wakaenda kupiga shoo Ulaya wakiwa wa Arusha hivyohivyo, mashuka na mikuki. Hawakujifanya wa Kinondoni. Wadau wengi wa leo hawawajui kwa sababu walikuwa wadogo, ila kaka zao waulizwe.

Kinachouma zaidi kwa huyu dada wa Usa ni kwamba mji wenyewe ulishampa utani bure. Kila mtu wa Chuga anaujua: "Niko USA." Watoto wa Usa River wanautumia tangu shule ya msingi, shati limeandikwa USA, kofia imeandikwa USA, viza hakuna aliyeombwa. Angeshuka kwenye basi siku ya kwanza, akapiga picha na mabegi yake mawili na zile bodaboda sita, akaandika "nimefika USA salama", nchi nzima ingecheka pamoja naye. Kicheko hichohicho kilichomliza miezi saba baadaye kingemfungulia mji.

Habari za sasa ni kwamba baada ya ile video alifunga akaunti siku tisa. Kazini wakamuuliza kwa upole kama anaumwa. Mama mwenye nyumba, ambaye Insta haijui, alisikia tu kwamba "wamemsema mpangaji wetu kuwa anakaa hapa", akakasirika kweli kweli, akataka kujua kukaa kwake kuna kosa gani na nyumba ina maji na vigae. Jumamosi akamburuta mpaka soko la Tengeru kumbebesha ndizi.

Juzi akaunti imerudi. Kaposti picha moja: mkungu wa ndizi begani kwa mama mtu mzima aliyempa kisogo, matope sokoni, mlima nyuma umefunikwa nusu na wingu. Komenti ya kwanza iliuliza mkungu bei gani. Akajibu bei, akaongeza kwamba ukienda na mama mwenye nyumba unapunguziwa.

Lokesheni kaiacha tupu.